Mkono Uliopimwa

Februari 6

Mama Mdogo mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nalitanguliza kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazirefusha mpaka karatasi iishe. Mimi ndiye niliyemtia mama presha.

Shikamoo.

Usicheke, ninao ushahidi. Wiki iliyopita mwalimu wa baiolojia alichora mtoto tumboni, akachora na kondo la nyuma, akasema kwa ile lugha ya darasani kwamba kondo halijengwi na mama, linajengwa na mtoto. Wenzangu wakanakili. Mimi kalamu ilisimama. Maana mkunga wetu alimwambia mama, nami nikiwa nimekaa pale pale, kwamba presha ya ujauzito mara nyingi huanzia kwenye kondo. Sasa unganisha mwenyewe. Kabla yangu mama hakuwa na presha. Nikaja mimi na kondo langu, akaumwa, nikatolewa kabla ya wakati.

Shangazi naye haachi. Jumapili alikuja kuchukua gauni lake, akaniona napita na ndoo, akasema mbele ya wateja wa mama: "Muoneni Punje! Alizaliwa mdogo, unamweka kwenye kikapu cha mayai na nafasi inabaki. Lakini presha aliyomwachia mamake, hata punda hawezi kuibeba!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nikaingia ndani nikaacha kucheka.

Na sasa mama ni mjamzito tena, miezi saba imepita. Tumbo limemsukuma mbali na cherehani, anashona amenyoosha mikono kama mtu anayemfukuza kuku. Sare za shule zimejaa hadi kwenye kiti cha baba, na baba yuko kambini kwenye barabara wanayoijenga hadi mwisho wa mwezi.

Zahanati ilitupa mashine ya kupimia presha. Kila asubuhi nampima mama, napiga picha kioo cha mashine kwa simu yake, namtumia mkunga. Kazi hiyo ni yangu kwa sababu mimi ndiye ninayeweza kusoma kile kijitabu cha maelekezo. Namba ziko sawa. Leo ni 128 kwa 80. Mkunga amejibu kwa kidole gumba.

Nakuandikia barua kwa kuwa simu ni moja, inakaa juu ya cherehani, na mama husoma kila kinachoingia na kinachotoka. Tena kwenye simu sauti yangu hunikimbia. Dereva wa zahanati amekubali kuichukua pamoja na lile kasha lake la barafu analokuletea huko maabara kila Ijumaa. Anasema ndiye dereva pekee mwenye abiria wasiolalamika. Ni kweli mna makondo humo? Mnayatafutia nini?

Mwanao,
Punje

*

Februari 13

Punje wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimevaa glavu, nikalazimika kuzivua nifute macho, kisha kuvaa nyingine. Umeitia maabara hasara.

Ndiyo, ni makondo. Akina mama wanatoa ruhusa, mkunga anakata kipande kidogo kama punje ya harage, kinafika kwangu kikiwa kwenye barafu. Natoa vinasaba, halafu natafuta alama. Nitakueleza kwa kazi ya nyumbani kwenu. Mama yako akikata sare, kitambaa ni kilekile kwa watoto wote. Chaki ndiyo inayosema: hapa kunja, hapa fungua, hapa usiguse. Vinasaba navyo vina chaki yake, vijialama vya kikemia vinavyokaa juu yake. Havibadilishi kitambaa. Vinabadilisha matumizi yake. Kwenye kondo la mama aliyepata presha, chaki mara nyingi imekaa pasipo kawaida yake, na nyingine tunaikuta hata kwenye damu ya kitovu cha mtoto.

Sasa hapa ndipo unisikilize. Hatujui bado kama chaki ndiyo iliyoleta presha, au presha ndiyo iliyochora chaki. Nikikuambia najua, nitakuwa mwongo mwenye koti jeupe. Na mwalimu wako amesema kweli nusu. Kondo linajengwa upande wa mtoto, lakini mtoto amepewa vifaa na watu wawili. Baba yako ana hisa zake humo! Mbona shangazi yako hamsemi kaka yake?

Kwa hiyo, hukumu hiyo uliyojipa, ifute. Wewe wakati ule hukuwa hata na mikono ya kukosea.

Namba zako zimenifurahisha mno. Mkunga alinipigia juzi. Kwa historia ya mama yako alitaka kumlaza hospitali mapema, akaniuliza mimi kama mdogo wake ninaonaje. Nikamwambia, kwa namba hizi asubiri. Dada yangu akilazwa bila sababu atapandisha presha kwa hasira tu, namjua. Akacheka, akakubali. Kwa hiyo ishukuru mashine.

Lakini akiumwa kichwa kisichotulia, au akianza kuona vitu vikimetameta, au kuumwa chini ya mbavu, usisubiri barua.

Mama yako mdogo

*

Februari 20

Mama Mdogo,

Shikamoo. Asante kwa kunieleza habari ya chaki. Nilipofika pale uliposema sikuwa na mikono ya kukosea nilifunga barua, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Sasa ninayo mikono.

Nina swali, la kutaka kujua tu. Kwa mfano, mashine ile ikimpima mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo, tuseme mwanawe, kwa kujaribu tu. Inaweza kutoa namba zinazofanana na za mama? Na mkunga akiiona picha, anaweza kujua ni mkono wa nani?

Mama hajambo. Ana vituko. Jana mchana alishindwa kutia uzi kwenye sindano, akasema tundu limezungukwa na vimulimuli. Mchana kweupe! Akacheka, akanipa mimi niutie. Miguu yake haiingii tena kwenye viatu vyake, anavaa vya baba. Shangazi alipomwona akamwambia, "Wifi, umeamua kuwa mume wa nyumba?" Mama akamjibu, "Nafasi ilikuwa wazi." Kisha akaomba kitambaa cha maji akakiweka kwenye paji la uso, akarudi kwenye sare.

Namba ya leo ni 131 kwa 82.

Kulikuwa na jambo jingine ila dereva anapiga honi.

Punje

*

Februari 21

Punje,

Nimesoma barua yako nimesimama. Simu ya mama inaita bila kupokelewa, ya mkunga haipatikani. Dereva alikuwa bado anakunywa chai, nimemrudisha na karatasi hii.

Vimulimuli si kituko. Mpandisheni mama garini sasa hivi. Msimpime kwanza. Msimalizie mshono.

Lile swali lako la "kwa mfano" nadhani nalijua jibu lake. Hilo baadaye. Kwanza gari.

Mama Mdogo

*

Machi 2

Mama Mdogo,

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Ulinipigia mara nyingi, nami nilipokea nikasema "yuko salama" na kukata. Ndivyo sauti yangu ilivyo. Karatasini siwezi kukata.

Dereva alipoingia na barua yako mama alikuwa tayari sakafuni. Nilisikia cherehani ikikimbia yenyewe bila kusimama, mguu wake ulikuwa umekaza juu ya kanyagio, mwili wote unatetemeka, macho yamegeuka juu. Nilisimama tu. Dereva ndiye aliyemgeuza ubavu, akaniambia, "Binti, shika kichwa! Shika kichwa, kazi nyingine niachie mimi!" Tulimlaza nyuma, kando ya kasha la barafu. Njia nzima dereva alikuwa anaongea naye kama abiria: "Mama, hapa kuna shimo, nisamehe. Hapa kuna jingine, hili la serikali." Walimpasua siku ileile. Mtoto ni wa kiume, yuko kwenye chumba cha joto, anavuta pumzi mwenyewe. Ni mdogo kuliko nilivyokuwa mimi.

Sasa nisikilize. Zile namba zilikuwa za mkono wangu.

Wiki ile ya kwanza ya kupima mashine ilionyesha 144. Mama aliona, akasema, "Watanilaza. Nikilazwa, nani atamaliza sare hizi, na wewe utabaki na nani?" Mchana kutwa alihesabu sare na kuzihesabu upya. Kesho yake ikaja 149. Hizo mbili sikumtumia mkunga. Nilikumbuka mkunga alivyosema kwamba wasiwasi hupandisha presha. Nikawaza kwa ile akili ya darasani, kama hesabu: nikiuondoa wasiwasi, namba itashuka yenyewe, na hapo nitarudi kumpima kweli. Sikuweza kutunga namba, Mama Mdogo. Nilijaribu, vidole vikakataa. Nilitaka iwe namba ya kweli, ya mkono wa kweli. Nikaingia chumbani, nikajifunga mkononi kile kitambaa cha mashine, nikapiga picha.

Mama alipoamka akanyoosha mkono, nikamwambia, "Nimeshakupima ukiwa usingizini." Akasema, "Haya, ngapi?" Nikamwonyesha picha. Akatabasamu siku nzima. Aliimba hata. Baada ya hapo niliogopa kumpima, kwa sababu ningeiona.

Wewe ukamwambia mkunga asubiri. Nilipoisoma ile sentensi nilijua nimekufanya na wewe mwongo. Bado sikusema. Nilikuuliza "kwa mfano."

Baba amerudi. Amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Anasema mkunga alikuwa anaangalia picha kama mtu anayetazama picha za harusi, hakuja hata mara moja kumpima kwa mkono wake. Amepeleka malalamiko kwa mganga mkuu. Mkunga ameambiwa akae nyumbani mpaka kikao. Nilimwona getini jana, amekuja kumjulia mama hali, mlinzi amemzuia. Aliniuliza, "Mdogo wako anaendeleaje?" Mimi nikamjibu, "Vizuri." Hilo tu.

Punje

*

Machi 4

Mdogo wangu,

Usishangae kuona mwandiko wangu, nesi amenipa kalamu, mkono bado mzito. Niko hai. Mtoto yuko hai. Wamenipa kumbeba ndani ya khanga, ngozi kwa ngozi, na anakoroma kama babu yetu.

Nina neno la kusema na hapa wodini hakuna wa kumwambia. Nilijua.

Kile kitambaa cha mashine kinabana mkono kama mamba. Mtu gani apimwe nacho asiamke? Binti yangu akaniambia amenipima nikiwa usingizini, akanionyesha picha, nami nikajifanya nimeamini. Siku ya pili pia. Siku moja nilimsikia chumbani, mashine inanguruma na mimi niko huku jikoni. Ningesema neno moja tu. Lakini namba zilikuwa nzuri, na nilizitaka. Sare zilitaka kuisha. Nilikumbuka zamani walivyonilaza mpaka nikasahau rangi ya mlango wangu. Nikasema moyoni, mtoto amesema niko sawa, basi niko sawa. Nilimwachia mwanangu anibebee uongo wangu ili mimi nibaki na mikono misafi.

Sasa baba yake anamwandama mkunga, na mimi nimelala hapa namsikiliza, nanyamaza. Nikisema, atajua kwamba mwanawe alidanganya. Binti atajua kwamba nilijua, ataona mama yake alimtazama akizama, akamsifu kwa kuogelea. Hanitazami machoni tangu tuje. Nikimwita anaangalia chupa ya dripu inavyodondoka.

Usimwambie. Niambie tu nifanyeje.

Dada yako

*

Machi 7

Punje,

Nimezisoma barua nilizoletewa wiki hii, nikazisoma tena. Sitakuambia hukukosea. Ulikosea, na ungeniuliza mapema ningekujibu kwamba presha hii haitoki kwenye wasiwasi peke yake, haidanganyiki kwa tabasamu. Lakini mimi nilikuwa na miaka ya shule na darubini, na niliona namba za mwanamke wa miezi saba zimekaa palepale kama maji ya mtungi, nikafurahi badala ya kushtuka. Nilimtaka dada yangu awe mzima, nikaacha kuuliza. Jana nimempigia mganga mkuu nikamweleza sehemu yangu: kwamba mkunga alitaka kumlaza mapema, mimi ndiye niliyemzuia. Amesikia. Lakini akauliza, "Na picha je? Picha zilitoka wapi?" Nikasema swali hilo halina jibu kinywani mwangu.

Jibu liko kwako. Kikao ni Alhamisi. Mkunga yule amezalisha nusu ya mtaa wenu, na sasa anashinda nyumbani kwake mchana kutwa kama mgonjwa. Mwambie mama kwanza, kabla ya baba, kabla ya kikao. Usimwogope. Sisemi hivyo kwa kukufariji tu. Namjua dada yangu. Usimwogope.

Kuna la pili. Nilimwomba mkunga anitumie zile picha zote, nikazitazama upya, safari hii nikijua ni mkono wa nani. 128. 131. 133. Kwa mama mjamzito nilizisifu. Kwa msichana wa umri wako zisingenifurahisha. Wapo watoto waliozaliwa kwenye mimba za presha ambao presha yao hupanda mapema, na tunadhani ile chaki inahusika. Tunadhani, narudia. Si ugonjwa wa kukulaza, wala si adhabu, kwa hiyo usianze kuunganisha mwenyewe. Chaki si mshono, Punje. Nyingine hufutika, nyingine tunajifunza kukata kwa kuizunguka. Nenda ukapimwe na mtu anayejua, umekaa, umetulia, na umwambie ulizaliwaje.

Ulikuwa unatafuta mkono wenye afya uuazime kwa mama. Ulikuwa umeshika mkono unaohitaji kutazamwa.

Mama Mdogo

*

Machi 11

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mama ameruhusiwa jana. Mtoto amebaki, mama anaenda kunyonyesha mara kadhaa kwa siku na kurudi. Shangazi yuko hapa anapika, anasimamia, anaamuru. Amemwangalia mtoto kupitia kioo, akasema, "Huyu wa kiume hatutamwita jina la nafaka, jamani, tupumzike." Halafu akanishika bega, akauacha mkono wake hapo. Sijui kama anajua kitu. Sikuuzoea mkono wake ukiwa kimya.

Nilipimwa. Nilikwenda na mama kliniki, alikuwa anapimwa yeye, nikamwambia nesi, kwa sauti ndogo mpaka akaniambia nirudie, kwamba nilizaliwa kwenye mimba ya presha na ningependa kupimwa. Akaniketisha. Ikaja 132 kwa 84. Akasema nirudi wiki ijayo na wiki inayofuata, nipunguze chumvi, nisiogope. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema polepole, "Namba hii nimeshaiona." Nesi akadhani anasema habari ya wagonjwa wengine. Mimi nilitaka kugeuka. Nilitazama bango la kunawa mikono mpaka nikalisoma lote, lugha zote mbili.

Tukashika njia. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili nilitembea haraka zaidi. Kisha nikakumbuka mshono wake, nikarudi nikamshika mkono, tukaenda hivyohivyo, kila mtu na mdomo wake.

Kikao ni kesho. Shati la baba limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni. Amefanya mazoezi ya maneno yake mbele ya shangazi: "Mwenyekiti, mimi ni mtu wa barabara, sijasoma, lakini hata sisi hatuamini picha ya daraja, tunakwenda kulikanyaga." Shangazi akampigia makofi. Mama akasema chakula kimemshinda, akaingia chumbani kulala.

Mimi nimekuja kwenye chumba cha kushonea, mezani kwake. Nimejaribu kuyapanga maneno nimwambie. Kwa lugha ya darasani yanakuja haraka na yamenyooka, yanafaa kupewa alama. Lakini huko kosa ni la mtihani tu, unalisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa lugha yetu kila neno lina uso wa mtu. Nikisema "mkono wangu" namwona mama akinyoosha wake. Nikisema "nilikudanganya" namwona akiimba siku ile.

Nimeamua nianze hivi: Mama, namba uliyoiona kliniki ni yangu, na zile nyingine zote pia ni zangu. Halafu nitaona kitakachofuata. Halafu tutamwambia baba kabla hajavaa lile shati. Nitakwenda kwenye kikao mwenyewe nikihitajika. Sauti ikikimbia nitawapa barua hizi.

Mlango wa chumba chao umefunguka. Ni mama, anatembea na ukuta, nausikia mkono wake unavyousugua. Anasimama. Anakuja tena. Taa hii ndiyo anayoifuata.

Nimeshavuta suruali ya sare kuufunika ukurasa, mkono umekwenda wenyewe. Nimeuondoa. Karatasi nimeigeuza ielekee upande wa mlango, atakapoingia aikute imesimama sawasawa kwa macho yake, nami naandika maneno haya ya mwisho kinyume-nyume, yamepinda.

Mama, anzia juu. Nipo.